Gunia la Namba Kumi na Mbili

Mimi nina kelele. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, maana hapa Bukavu watu hawakawii kukuambia. Kwa miaka tisa nilikuwa chef, yaani msimamizi, wa ukumbi wa kuchambua kahawa, katika kiwanda kilicho chini kidogo ya mtaa wa Nguba, wanawake arobaini kwenye meza nne ndefu, na kelele yangu ndiyo iliyoendesha kazi. Mtu akichelewa, nilifoka. Akiacha punje nyeusi katikati ya nzuri, nilifoka. Akilia nilifoka zaidi, kisha nikamtafutia maji ya kunywa. Nilijiona mtu ambaye hakuna kinachompita machoni. Nilijiona hivyo mpaka tarehe tatu ya mwezi uliopita, siku ya Alhamisi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kahawa ikishakobolewa inamwagwa mezani, na kila mwanamke anatoa zile mbovu: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Nzuri anazitia kwenye beseni lake. Beseni likijaa linamiminwa kwenye gunia lake, na gunia likijaa linafungwa kwa tiketi yenye namba yake. Chini ya namba hiyo natia saini mimi, kuonyesha kwamba nimekagua.

Siku hiyo, saa tatu asubuhi, Directeur Guy, mwenye kiwanda, alishuka ukumbini. Huyu bwana hashuki hivi hivi. Vumbi la kahawa linamkera, kwa hiyo anatuangalia kutoka juu ya ngazi, nyuma ya kioo cha ofisi yake. Alifuatana na Chrispin, katibu wake, aliyekuwa amekumbatia faili. Mashine zikazimwa. Directeur akatangaza mbele ya wote kwamba wanunuzi wa Ulaya wamekataa kahawa yetu. Walikuwa wamechukua kidogo kidogo kutoka kila gunia, wakaikaanga, wakaisaga, wakaionja, na katika gunia moja wakakuta ladha ya kiazi. Gunia hilo lilikuwa la namba kumi na mbili. Wanunuzi wanataka kujua ni hatua gani imechukuliwa, akasema, na hatua ni moja tu: namba kumi na mbili aache kazi.

Damu ilinichemka. Ladha ya kiazi! Yeyote aliyefanya kazi na kahawa ya Kivu anaijua balaa hiyo. Kuna mdudu anayelitoboa tunda likiwa bado mtini, huko shambani, iwe Mudaka au Katana, na punje inaharibika ndani huku nje imebaki nzuri, ya kijani, haina hata doa. Huwezi kuiona, hata ukiwa na miwani minne. Inajitambulisha tu ikishasagwa, pale harufu ya kiazi kibichi inapojaa chumbani. Kumfukuza mchambuaji kwa ajili ya ladha ya kiazi ni sawa na kumfukuza mwalimu kwa sababu mvua imenyesha shuleni.

Tena namba kumi na mbili ni nani? Ni Maman Séraphine. Miaka ishirini na miwili amekaa kwenye kiti kilekile, mwisho wa meza ya pili, karibu na mlango. Ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipoingia hapa nina miaka kumi na tisa, sijui nyeusi wala nzuri. Alikuwa akinigonga vidole na kijiti nikikosea. Nilipofiwa na mama yangu alilala kwetu siku zote za kilio, akipika, akiosha sahani za watu asiowajua. Sasa kijana huyu aliyepewa kiwanda na baba yake amesimama mbele yake na viatu vyake vinavyong'aa.

“Huyu mama amechoka,” Directeur akaniambia. “Macho yake imechoka. Iko wazi.”

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Hoja ya mdudu nilikuwa nayo mdomoni, hoja nzuri, isiyo na jibu. Sikuitoa. Nilichotoa ni hasira.

“Macho yake?” nikasema. “Directeur, leta sinia hapa. Changanya kahawa muzuri na mubaya, wewe mwenyewe, na mikono yako. Maman Séraphine atachambua mbele ya batu bote. Akiacha hata moja nyeusi, mimi navua hii blouse ya chef, naenda kukaa ku meza sawa bengine.”

Mikono yote mezani ilisimama. Nilidhani ni kwa heshima. Valérie, anayekaa kushoto kwa Maman Séraphine, alinikazia macho akatikisa kichwa kidogo sana, nami nikamkasirikia kwa uoga wake. Maman Séraphine mwenyewe aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akasema taratibu kwamba haikuwa lazima. Nikamwambia akae achambue. Niseme ukweli, sikumwambia. Nilimwamuru.

Directeur alichota kahawa, Chrispin akahesabu punje nyeusi ishirini na kuzichanganya humo, pamoja na nyingine zilizovunjika na zilizotobolewa. Sinia likawekwa. Maman Séraphine akaanza, na vidole vyake vilikwenda kasi kama zamani. Zilizovunjika zikatoka. Zilizotobolewa zikatoka, moja moja, anazigusa kwa ukucha na kuzitupa. Mimi nilikuwa nimeweka mikono kiunoni, natabasamu, namtazama Directeur ili aone.

Kisha punje nyeusi, nzima na laini, ilipita kati ya vidole vyake ikaingia kwenye beseni la nzuri. Nikasema moyoni kwamba imemponyoka. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Tabasamu likaniganda usoni. Nilikuwa nimezoea kumtazama mikono, kama ninavyowatazama wote. Sasa nikamtazama macho. La kulia lilikuwa jeupe katikati, kama mtu amedondoshea tone la maziwa. La kushoto lilikuwa njiani.

Chrispin akahesabu zilizobaki kwenye beseni. Kumi na tisa kati ya ishirini.

Directeur hakucheka, na ingekuwa afadhali acheke. Alisema kwa upole kwamba barua ya Maman Séraphine itakuwa tayari kesho jioni, na atarudisha kila kitu cha kiwanda: aproni, namba, kadi ya matibabu. Kisha akanigeukia mimi. “Chef, ni wewe umesema. Kuanzia lundi utakuwa ku meza.” Akapanda ngazi zake. Mashine zikawashwa.

Saa sita, watu walipotoka kula nyuma ya depo, niliwafuata. Sitaandika yote niliyowaambia. Niliwaambia wao ni waongo. Niliwauliza tangu lini mtu asiyeona anajaza gunia kila wiki, nani anamjazia, na wamenifanya mjinga kwa muda gani. Niliuliza kwa sauti iliyowafanya walinzi wa getini waje kuchungulia. Maman Séraphine alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono magotini, na wote walikuwa wanatazama chakula chao.

Valérie ndiye aliyefunika bakuli lake akaeleza. Ilikuwa miezi minane. Kila mwanamke akienda bombani kunywa maji, alipita mwisho wa meza ya pili, na akipita alidondosha konzi moja ya kahawa aliyokwisha kuichambua kwenye beseni la Maman Séraphine. Konzi moja kwa kila mtu, asubuhi na mchana. Yeye Valérie alikuwa anatoa nyeusi zilizobaki. Hakuna aliyepanga, lilianza lenyewe. Walikuwa wanasubiri tarehe kumi na saba tu, kwa sababu siku hiyo madaktari wa macho watakuwa hospitali ya Katana, Maman Séraphine amekwisha kuandikishwa apasuliwe jicho la kulia, na kinachompa nafasi hiyo ni kadi ya matibabu ya kiwanda. Bila kadi, hana nafasi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne.

Siku kumi na nne! Ningenyamaza juu ya macho yake, ningemtajia Directeur yule mdudu tu, na mambo yangeishia hapo. Nikamuuliza Valérie, bado kwa ukali, kwa nini hawakuniambia.

“Tungekuambia aje?” akasema. “Kama unakasirika, chef, hauna masikio. Uko na kinywa tu.”

Hakuna aliyecheka. Maman Séraphine akanyoosha mkono hewani, akaupata mkono wangu, akasema nisiwagombeze, ni yeye aliyewakataza. Alinijua, akasema. Alijua kwamba nikiambiwa nitakwenda moja kwa moja kupigana ofisini, na nitapigana vibaya.

Niliondoka nikaenda kusimama peke yangu karibu na magunia. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na Guy na kioo chake, na wale wanawake kwa kunifungia mlango, na Maman Séraphine kwa kunijua hivyo. Halafu nikakumbuka jambo nililolisahau kabisa. Wakati ule nilipofiwa na mama yangu nilikosa kazi siku tisa. Niliporudi, gunia langu lilikuwa limejaa, limefungwa, lina namba yangu. Nilishukuru Mungu na sikuuliza. Baadaye nilipewa blouse ya chef, nikaanza kutia saini magunia kama vile kila gunia lina mikono miwili tu.

Basi nikapanda ngazi. Nilipanda polepole makusudi, nikipumua, kwa sababu safari hii nilitaka kukasirika vizuri.

Ofisini kwa Chrispin kuna kanuni za kazi, zimebandikwa ukutani nyuma ya mlango mahali ambapo hakuna anayezisoma. Mimi nazijua, kwa kuwa nimekuwa nikiwatishia watu kwa kanuni hizo kwa miaka tisa. Hakuna mfanyakazi anayeachishwa kazi kabla hajapewa demande d'explication, ile karatasi ya kumtaka ajieleze. Karatasi hiyo inaandikwa na chef wake. Mfanyakazi anapewa saa arobaini na nane za kujibu kwa maandishi, Jumapili haihesabiwi. Directeur anasoma jibu na kuandika uamuzi wake chini, kwa mkono wake, na kama kosa limefanywa na watu kadhaa, hakuna anayehukumiwa mpaka wote wamejibiwa. Chef wa ukumbi mpaka Jumatatu nilikuwa ni mimi.

Nikamwomba Chrispin karatasi. Akaniuliza ngapi. Nikamwambia arobaini na moja.

Niliandika mchana wote na Ijumaa asubuhi, mpaka kidole kikavimba. Kila karatasi ilikuwa na jina lake na namba yake: eleza kwa nini kahawa yako ilikutwa katika gunia la namba kumi na mbili. Nilizipeleka mezani mwenyewe, moja kwa kila mwanamke, nikimwambia kila mmoja ajibu ukweli, asiogope, na asijibu kabla ya saa ya mwisho. Ya arobaini na moja nilijiandikia mimi.

Jioni Directeur akaniita. Alikuwa ameshika barua ya Maman Séraphine tayari imepigwa chapa, na mbele yake lile rundo la nakala.

“Unacheza na mimi?”

“Hapana, Directeur. Natumika,” nikamjibu, maana yangu nafanya kazi yangu. Nilisema kwa sauti ya chini hata mwenyewe nikashangaa. Nikamweleza kwamba gunia lile limeshikwa na watu arobaini na limetiwa saini na mmoja, na wote wana namba, na wote wana haki ya kujieleza. Akitaka kumfukuza mmoja kabla hajawasoma wengine, inspecteur wa kazi atapenda sana kujua, na nakala ninazo nyumbani. Akitaka kutufukuza wote arobaini na mmoja, sawa, ila kontena linaondoka mwisho wa mwezi, na atachambua yeye na Chrispin.

Alinitukana kwa Kifaransa, kizuri, cha shule. Nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Barua ya Maman Séraphine akaitia kwenye droo.

Majibu yalianza kuingia Jumatatu, saa za mwisho kabisa, kama nilivyowaambia. Wasiojua kuandika waliandikiwa na Valérie. Nilisoma yote kabla ya kuyapeleka, hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho ya chef. Wengi waliandika mstari mmoja: niliweka mukono, yaani nilisaidia. Mmoja wa meza ya nne, ambaye nilikuwa nikimfokea kila siku kwa uvivu, aliandikisha hivi: “Niliweka mukono. Mwaka nilizala, Maman Séraphine alichambua kahawa yangu miezi mbili juu nisipoteze kiti. Hakuna mutu aliniuliza ile wakati.” Namba kumi na mbili mwenyewe aliandika kwamba haoni, na kwamba anaomba radhi kwa zile kumi na tisa, lakini ladha ya kiazi si yake.

Mimi niliandika: nilitia saini bila kuangalia, kwa miezi minane.

La kwangu Directeur alilisoma kwanza. Akaandika chini yake, kwa haraka na furaha, kwamba ninavuliwa uchef kuanzia saa hiyo. Nilivua blouse nikaitundika kwenye msumari wa Chrispin, na Chrispin ndiye aliyeivaa siku iliyofuata. Ilimbana mabegani. Hayo mengine arobaini ilimbidi ayasome na kuyajibu moja moja, kwa mkono, na Directeur Guy si mtu wa kuandika. Alifanya matatu kwa siku, siku nyingine alifanya mawili. Nilimwona nyuma ya kioo, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, na sitakudanganya, nilifurahi kila mara.

Kukaa mezani hakukunifurahisha. Nilikuwa nimesahau kazi. Miaka tisa ya kuwaambia wengine waharakishe, na sasa beseni langu lilikuwa la mwisho kujaa, mgongo unauma, macho yanatoa machozi kwa vumbi. Walinipa kiti cha kulia kwa Maman Séraphine, kilichokuwa kimebaki wazi. Nilimtolea nyeusi zake kama Valérie alivyokuwa akifanya upande wa pili. Wanawake walikwenda bombani, wakapita, wakadondosha konzi zao kwenye beseni lake, mbele yangu, bila kujificha tena. Kwenye langu hakudondosha mtu. Wiki nzima na zaidi, hakuna hata punje. Nilikasirika siku ya kwanza. Siku zilizofuata nilielewa kwamba walikuwa na haki, nikaendelea kukasirika hivyo hivyo, lakini kimya.

Tarehe kumi na saba Maman Séraphine alipanda gari la Katana na binti yake Elodie, kadi ya matibabu ikiwa kwenye mkoba. Huku ofisini Directeur alikuwa amefika jibu la ishirini na mbili. Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa kitupu. Chrispin alitembea kati ya meza na daftari lake, anaandika, haoni kitu.

Saa nane mchana simu ya Valérie ilitikisika mfukoni mwa aproni. Aliisoma chini ya meza, akainamia upande wangu kupitia kile kiti kitupu. Elodie ameandika: wamemaliza, amefungwa bandeji, kesho watamfungua, ameomba chai. Habari ilizunguka meza nne kwa minong'ono, na mikono haikusimama hata kidogo.

Barua ya kumfukuza bado ilikuwa kwenye droo, nilijua. Majibu kumi na manane yakiisha itatoka, na itamkuta anaona. Nilirudi kwenye sinia langu. Beseni halikuwa limefika hata nusu, na wenzangu wote walikuwa wameanza la pili.

Valérie akainuka kwenda kunywa maji. Nilisikia hatua zake zikipita nyuma yangu. Kisha konzi ya kahawa, safi, haina hata moja nyeusi, ikaanguka kwenye beseni langu. Nyuma yake akaja yule wa meza ya nne.

Nilitaka kufoka. Nilitaka kuwaambia waniache, sijawa kipofu mimi, nitajaza mwenyewe. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Chrispin akapita mbele yangu na daftari, akatazama beseni, akatia alama, akaendelea na safari yake.

Nikafunga mdomo, nikainamisha kichwa, nikachambua.